Filamu Iliyowafanya Wanafunzi Wangu Waimbe Wimbo wa Taifa

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa mwalimu mwenzangu aliyeko Tabora. "Kaka, tarehe 9 Desemba nataka kuwaonyesha wanafunzi filamu ya kuamsha uzalendo. Nitumie orodha." Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Swali hilo limenigharimu miaka miwili, na machozi ambayo mke wangu peke yake ndiye aliyeyaona. Basi namjibu hapa, na wewe unayefundisha, au unayelea vijana kanisani, msikitini, mtaani, unayetamani siku moja uone kijana amesimama wima wimbo wa taifa unapoimbwa bila kukaripiwa, kaa usome nasi.

Mara ya kwanza filamu niliitengeneza mwenyewe. Ilikuwa ya dakika 40. Bendera inapepea, Mlima Kilimanjaro, nyumbu wa Serengeti, Mwenge, vipande vya hotuba za Mwalimu Nyerere, tena bendera. Nilikesha siku 11 kwenye kompyuta ya kuazima. Siku ya siku tukatundika shuka jeupe bwaloni, madirisha tukayaziba kwa mablanketi ya bweni, nikawasha projekta huku moyo unanienda mbio kama bwana harusi.

Kufika dakika ya 15, nusu ya bwalo lilikuwa limelala. Waliokuwa macho walichorana migongoni kwa peni. Taa zilipowashwa walipiga makofi, yale makofi ya kuruhusiwa kutoka. Kesho yake ofisini mwalimu mmoja akasema mbele ya wenzake wote, "Jana mwenzetu katuonyesha tangazo la utalii." Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Neno lile lilinichoma, na leo nikilikumbuka bado linanichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Nilikaa nalo miezi. Nikaja kuelewa kwamba mimi zile picha zilinitoa machozi kwa sababu zilinikumbusha mambo. Nilimkumbuka baba mdogo aliyekwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, nikamkumbuka bibi yangu na foleni za sukari. Mtoto aliyezaliwa juzi bendera itamkumbusha nini? Nilimdai machozi kwa deni asilolijua.

Filamu iliyonitoa hapo haikuwa ya Tanzania. Wengi mnaijua, Sarafina!, ile ya mwaka 1992 ya Afrika Kusini. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, Whoopi Goldberg ni mwalimu wake wa historia, na Miriam Makeba ndiye mama yake. Mimi niliiona utotoni kwenye banda umiza, Morogoro mjini, tumebanana kwenye mabenchi, deki imewekwa juu ya kreti la soda, na jamaa mmoja anatutafsiria kwa kelele kuliko spika zenyewe. Nilitoka pale naimba nyimbo nisizojua maana yake. Halafu nikakua, nikasomea ualimu, nikarudi Morogoro kufundisha historia, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuiunganisha filamu ile na mji ninaoishi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Safari hii niliiangalia kwanza mwenyewe, mara mbili, nikiwa na daftari. Usiruke hatua hii. Kuna sehemu ngumu mno mle ndani. Kuna askari anayechomwa moto na wanafunzi, kuna mateso ya kituo cha polisi. Nikaamua niwaonyeshe Kidato cha Tatu na cha Nne tu, na mkuu wa shule nikamweleza mapema. Kwa kuwa Kiingereza cha wengi wao ni cha kubahatisha, nilisimama kando ya shuka nikatafsiri kwa sauti kama yule jamaa wa banda umiza. Hakulala mtu.

Wakati Sarafina anakwenda kumwona mama yake anayefanya kazi za ndani kwa Wazungu, niliacha kutafsiri. Nilishaona kwamba sihitajiki. Binti mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameng'ata ukosi wa sweta lake. Mama yake, niliyajua hayo kwa kuwa ndimi mwalimu wake wa darasa, alikuwa akifanya kazi za ndani Dar es Salaam.

Ilipokwisha nikawasimulia tukio lenyewe. Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga amri ya kusomeshwa nusu ya masomo yao kwa Kiafrikana, lugha ya watawala wao, na polisi wakawafyatulia risasi. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani sisi tunaielewa lugha tunayofundishiwa?" Bwalo zima likanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la uongo. Tulilizungumza swali lile mpaka kengele ya chakula cha usiku ikapigwa, na nakwambia, katika miaka yangu yote darasani sijawahi kuona vijana wakibishana kuhusu nchi yao kama jioni ile. Kuipenda nchi ni pamoja na kuiuliza maswali, na wewe mwalimu unayeogopa swali, usiwashe projekta.

Kisha yule binti wa sweta akauliza, kwa sauti ndogo: "Waliokimbia hawakufa, mwalimu? Walikwenda wapi?"

Nikamjibu, "Walikuja hapa."

Hawakuniamini. Maana hapa palikuwa kilomita chache tu kutoka pale tulipokaa. Baada ya Soweto, maelfu ya vijana walitoroka nchi yao, na Tanzania ikawapa ANC, chama chao cha kupigania uhuru, ardhi ya shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, hapahapa Morogoro. Mwaka 1978 wakaanzisha shule, na baadaye wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru ambaye makaburu walimnyonga Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Angalia tarehe hiyo. Siku tano baadaye majeshi yetu yaliiteka Kampala. Nchi ilikuwa kwenye Vita vya Kagera, hazina inakauka, vita vilipokwisha Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18, na miaka hiyohiyo watoto wa watu wengine wanajengewa madarasa, zahanati na shule ya chekechea kwenye ardhi yetu. Haya nilikuwa nimeyafundisha miaka mingi kwa chaki, na hakuna aliyewahi kunyanyua kichwa.

Wiki mbili baadaye tukakodi Kosta mbili. Mipango ya nauli na vibali naiacha, kila shule ina njia zake. Siku hizi pale ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwani wenyewe walitukabidhi mwaka 1992, mwaka uleule filamu ilipotoka. Nilikuwa nimeomba kupitia kwa watu mama mmoja mzee aje atupokee. Aliwahi kupika kwenye jiko la shule ile. Alikuja amejifunga khanga mbili, ameshika mkoba wa ukili, na wanafunzi wangu, ambao mimi nawadai shikamoo kila asubuhi, waliinama bila kuambiwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu. Mmekula?"

Akatupeleka makaburini.

Kuna makaburi ya Wasauzi pale Mazimbu, watu waliokufa kabla ya kurudi kwao. Wanafunzi walitembea wakisoma majina kwa shida, majina ya Kizulu, ya Kixhosa. Yule binti wa sweta alichuchumaa mbele ya kaburi moja, akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole, akaanza kufuta vumbi kwenye maandishi, herufi moja moja, kama anavyofuta ubao. Hakuna aliyemtuma. Bibi akamwangalia, akasema, "Usiku walikuwa wanalia hawa. Watoto kabisa. Unasikia mtu analia kwa lugha usiyoijua, utafanya nini? Unampelekea uji."

Halafu akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa imekatika katikatika, maneno ni ya Kixhosa, Nkosi Sikelel' iAfrika, aliyafundishwa na hao vijana. Kwenye mstari wa kwanza wanafunzi walitazamana. Waliutambua. Ni wimbo uleule, sauti ileile aliyoitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, ambayo sisi tukaiwekea maneno yetu. Kijana yule wa swali la lugha ndiye aliyeingia wa kwanza, kwa Kiswahili, "Mungu ibariki Afrika", na wengine wakamfuata. Bibi anaimba kwa lugha yao, watoto wanaimba kwa lugha yetu, na wimbo ni mmoja. Hawa ndio wanafunzi wanaonuna wimbo huo unapoimbwa kila Jumatatu mstarini, midomo haifunguki. Nilijigeuza upande wa milima ya Uluguru ili wasinione uso.

Sasa ndugu yangu wa Tabora, ushauri wangu ni huu, na nitaurudia hata ukichoka. Iangalie filamu mwenyewe kwanza. Usichague filamu kwa sababu ina bendera nyingi. Chagua ile yenye mtu mmoja anayepoteza kitu. Iangalie mwenyewe kwanza, nasema tena, ujue ni wapi utanyamaza. Na usiianike peke yake. Mtafute mtu aliye hai hapo ulipo ambaye maisha yake yanaanzia pale filamu inapoishia. Huko kwenu Tabora hutakosa. Kuna wazee wanaokumbuka mkutano wa TANU wa mwaka 1958, ule wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ambapo Mwalimu aliwashawishi wenzake wakubali uchaguzi uliokuwa wa kuwadhalilisha, na nchi ikapata uhuru bila kumwaga damu. Mzee wa namna hiyo akikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wanafunzi wako, filamu yoyote nzuri utakayoonyesha itapata miguu.

Na usitegemee shukrani. Mwaka uliofuata kamati ya sherehe za eneo letu ililichukua wazo lile zima, filamu, safari, na makaburi. Likasomwa jukwaani kama ubunifu wa kamati. Nilikuwa nimekaa safu ya nne, suti nimepiga pasi, nasubiri jina langu. Halikusomwa. Wanafunzi wangu waligeuka kunitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba waliona. Nimesamehe, lakini sijasahau. Lakini ninyi mnaoninyooshea vidole kwamba natafuta sifa, niambieni, tutawafundishaje watoto kuwaheshimu waliojitolea, huku aliyejitolea juzi tunamruka? Uzalendo unaanzia hapo, kwenye kutaja jina la aliyefanya kazi. Tunawajengea mashujaa minara, na mpishi wa Mazimbu hatujui anakula nini. Tuache. Walimu tuache, viongozi wacheni, wazazi wacheni. Mtoto anatuangalia kuliko anavyoiangalia filamu.

Bibi yule nilimwendea tena mwezi uliopita. Katika maongezi nikagundua jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Hakuwahi kuiona hiyo Sarafina! Amewapikia wakimbizi wa Soweto kwa miaka, na filamu yao hakuwahi kuionyeshwa. Jumamosi iliyofuata nikabeba projekta kwenye bodaboda mpaka kwake, pamoja na wanafunzi wanne, akiwemo binti wa sweta. Tukatundika khanga yake nyeupe ukutani. Umeme ulikatika mara moja, ukarudi. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, haongei, na yule binti ndiye aliyemtafsiria, taratibu, sikioni.

Walipofika mahali wanafunzi wanaruka na kuimba kwenye uwanja wa shule, bibi akanigusa mkono.

"Baba, rudisha nyuma kidogo. Hapo wanapocheza. Nataka niwaangalie nyuso."

Nikarudisha. Tukakaa sana hapo.