Ukiitwa kupanga mustakabali wa gridi ya kompyuta

Ukianza kazi katika kituo kinachochangia kompyuta zake kwenye gridi, yaani mtandao wa kompyuta za taasisi nyingi zinazogawana kazi kubwa za kukokotoa, hutakaa sana kabla ya kuitwa kwenye kikao cha senario: gridi itakuwaje miaka kumi ijayo? Utatamani kutabiri. Usitabiri. Kazi ya senario ni kutunga simulizi kadhaa za kesho zinazoweza kutokea kweli, kisha kuona uamuzi ulio mezani leo utasimamaje katika kila moja. Kwa hiyo uliza mapema: tunaamua nini? Kununua seva mpya au kukodi wingu, yaani kompyuta za kampuni zinazotumiwa kupitia intaneti? Kuajiri mtaalamu wa hifadhi ya data au wa vichakataji vya michoro? Kikao kisicho na uamuzi wa namna hiyo huwa mazungumzo matamu tu, na ripoti yake haifunguliwi tena.

Njia hii ilikomazwa na Pierre Wack na wenzake katika kampuni ya mafuta ya Shell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mojawapo ya simulizi zao ilionyesha bei ya mafuta ikipanda ghafla, na ilipopanda kweli mwaka 1973, wakuu wa kampuni walikuwa wameshaitafakari hali hiyo. Ninachokithamini zaidi kwa Wack ni jinsi alivyotenganisha yaliyo njiani tayari na yasiyojulikana. Mvua kubwa ikinyesha sehemu za juu za mto Ganges, alieleza, mafuriko ya huko chini siku chache baadaye si jambo la kubahatisha tena.

Katika gridi, yaliyo njiani ni mengi kuliko wanaoanza wanavyodhani. Tangu katikati ya miaka ya 2000 kasi ya kiini kimoja cha kichakataji haipandi tena kama zamani, hivyo programu zisizogawa kazi kwa viini vingi zitazidi kuachwa nyuma. LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe ya CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, inaboreshwa ili itoe data nyingi kupita za sasa. Umeme nao: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kuwa mwaka 2024 vituo vya data vilitumia saa-terawati 415 hivi, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na akili mnemba inaongeza mahitaji. Mambo haya yaingizwe katika kila simulizi, hayahitaji kupigiwa kura.

Sasa yasiyojulikana, na hapa ndipo nataka usimame kwa muda. Karibu kila kikundi kipya huchagua teknolojia: mtandao utakuwa na kasi kiasi gani, kichakataji kipi kitashinda. Historia ya gridi inaonyesha kwamba njia panda kubwa zilihusu nani anamiliki mashine na nani anamwamini nani. Ian Foster na Carl Kesselman, walioipa fani hii sura mwishoni mwa miaka ya 1990, walilinganisha gridi na mtandao wa umeme: unachomeka, unapata nguvu ya kukokotoa. Ndoto hiyo ilitimia, lakini kwa kiasi kikubwa kupitia kampuni zinazokodisha, hasa baada ya Amazon kuanza kukodisha seva mwaka 2006. Wakati huohuo gridi ya LHC, inayochakata data ya mashine hiyo, haikufa. Inaunganisha vituo 170 hivi katika nchi zaidi ya 40, na sababu moja kubwa ni ya kifedha: kila nchi inawekeza katika vituo vyake na wataalamu wake, badala ya kupeleka fedha zote Geneva. Nao watu wa kawaida waliojitolea kompyuta zao waliendesha SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali, kuanzia 1999 hadi 2020, mwaka uleule ambao Folding@home, mradi wa kuchunguza protini, ilivuka kiwango cha eksaflopi moja (hesabu bilioni bilioni kwa sekunde) watu walipojiunga kupambana na korona. Kesho tatu tofauti ziliishi pamoja. Mtu akisema "wingu litaiua gridi", muulize: kwa nani?

Mimi hupendelea maswali mawili. Mashine zitamilikiwa na taasisi nyingi au kampuni chache? Data itavuka mipaka kwa uhuru au sheria zitaifungia nyumbani? Yanazaa simulizi nne. Taasisi nyingi na mipaka wazi ni gridi tunayoijua. Kampuni chache na mipaka iliyofungwa ni wingu la kila nchi peke yake, na ushirikiano wa kisayansi unakuwa mgumu. Mbili zilizobaki ndizo zenye mafunzo. Kampuni chache zikitawala huku data ikisafiri, gridi inabaki tabaka jembamba la programu za kutambua watumiaji na kupanga kazi juu ya mashine za kukodi. Taasisi nyingi zikiwa nyuma ya mipaka iliyofungwa, programu ndizo zitakazosafiri kuifuata data, na ujuzi wa zamani wa kutuma kazi kwenye kituo cha mbali utatafutwa upya.

Kisha pitisha maamuzi yenu katika zote nne. Gridi ya LHC inahama kutoka vyeti vya X.509, aina ya vitambulisho vya kidijitali vya watumiaji, kwenda tokeni (vibali vya muda vya kidijitali) zinazofanana na zile za huduma za kawaida za wavuti; hatua hiyo inalipa katika kila simulizi, basi ifanyeni sasa. Hifadhi kubwa ya diski inalipa zaidi pale data inapobaki kwenu, kwa hiyo inunueni kwa awamu.

Msisahau watunzaji wa programu. Msaada kwa Globus Toolkit, mkusanyiko wa programu uliobeba gridi nyingi, ulikoma mwaka 2018, na jamii ya watumiaji ikaiendeleza kwa jina la Grid Community Toolkit. Andikeni ni programu zipi mnazozitegemea, nani anazilipia, na ruzuku yake inaisha lini. Mwalikeni kwenye kikao mhasibu na mtu wa sheria, kwa sababu dalili za mapema kwamba simulizi fulani inaanza kutimia kwa kawaida huonekana kwanza katika bajeti na mikataba. Kila simulizi ipeni dalili mbili au tatu, mtu mmoja wa kuzifuatilia, na tarehe ya kukutana tena kabla ya ununuzi mkubwa unaofuata.