Kabla hujailaumu kingamwili

Wadogo zangu mnaoanza staji ya labo, nianze na utando mweupe. Mwaka wangu wa kwanza hapa Bukavu nilikuwa natafuta p53 ya binadamu, protini inayozuia seli kugeuka saratani, kwa westeni bloti: unatenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, unazihamishia kwenye utando, kisha unaitafuta moja kwa kingamwili, yaani protini inayoishika hiyo tu. Kingamwili yangu ilikuwa monoklonali inayojulikana sana, klone (ukoo wa seli) DO-1, na lizati niliyopewa, yaani mchuzi wa seli zilizopasuliwa, ilikuwa ya seli za HeLa. Nilijiambia: ni seli za binadamu, basi zitafaa. Nikafanya kazi siku mbili. Kwenye kilodaltoni 53 (kipimo cha ukubwa wa protini), mahali pa p53, hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nikasema kingamwili imeharibika njiani. Nikarudia kwa kipimo kikubwa zaidi, kisha tena, hadi kichupa kikabaki nusu. Bado inaniuma, maana kichupa kile kilisubiriwa miezi.

Kingamwili ilikuwa nzima. Seli za HeLa zilitoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya Henrietta Lacks mwaka 1951, na ndani yake mna HPV aina ya 18, kirusi kinacholeta saratani hiyo. Protini moja ya kirusi hicho, E6, huishika p53 na kuipeleka ikavunjwe. Nilikuwa natafuta kitu ambacho seli zenyewe zinakimaliza.

Tangu siku hiyo sifungui kingamwili mpya kabla sijajua mambo mawili: seli zipi zina protini hiyo kwa hakika, na zipi hazina. Kwa p53, kati ya seli za binadamu zinazokuzwa labo, za A431 zinayo tele, za H1299 hazina kabisa. Ziweke zote mbili kwenye jeli moja na sampuli yako, hata kama nafasi ni ndogo na unaona unapoteza visima. Mstari ukitokea A431 peke yake, unaweza kuanza kuiamini kingamwili. Ukitokea na kwa H1299, unachokiona si p53, hata kama umekaa palepale kwenye 53.

Monoklonali maana yake kingamwili zote za kichupani zimetoka kwenye ukoo wa seli moja, njia waliyoileta Georges Köhler na César Milstein kule Cambridge mwaka 1975. Zote hushika kipande kilekile. DO-1 hushika asidi amino (vijenzi vya protini) za 20 hadi 25, kati ya 393 za p53 nzima. Kipande hicho kikikatika au kikibadilika, haioni kitu, na p53 ya panya nayo haiioni. Kwa hiyo msiandike daftarini “kingamwili ya p53” mkaishia hapo. Andikeni klone, namba ya toleo, na kipimo mlichozimulia.

DO-1 ilitengenezwa kwa panya, hivyo kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane, lazima iwe inayotambua kingamwili za panya. Kateni kipande kimoja cha utando mkiweke kwenye ya pili tu, bila ya kwanza, muone kama yenyewe inaleta mistari. Na bafa yenye sodiamu azidi, dawa ya kuzuia kuoza, isiguse kingamwili iliyofungwa peroksidasi, kimeng'enya kinachofanya mstari uonekane, maana inakizima.

Sasa umeme. Mabwawa ya Ruzizi yako karibu, lakini mnajua wenyewe umeme unavyokatika usiku. Gaweni kingamwili kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 10 siku ileile inapofika, kwa sababu kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko kunakoiua. Zilizofungwa rangi za kung'aa zisigandishwe kabisa, zikae nyuzi 4 gizani. Andikeni kwa penseli juu ya lebo. Wino wa kalamu za kawaida unafutika kwa alkoholi.

Ndani ya konjelateri (friza) ninaweka kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake sarafu ya Rwanda, kwa kuwa faranga zetu za Kongo ni noti tu. Asubuhi nikiikuta sarafu imezama ndani ya barafu, najua usiku kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Siku hiyo naandika tarehe, natoa kichupa kimoja, nakipima kwa A431 na H1299 kabla sampuli ya mtu yeyote haijaguswa.