Jengo lilipasuka, mkandarasi kafilisika: je nikate rufaa nipunguziwe asilimia?

Swali: Habari wakili. Mimi ni injinia, nilichora msingi wa nyumba, kuta zikapasuka. Jaji kasema mwenye nyumba alaumiwe 20% kwa sababu aliongeza ghorofa bila kuuliza mtu, kwenye iliyobaki mimi robo, mkandarasi robo tatu. Mkandarasi kafilisika. Nataka nikate rufaa robo yangu ishuke, na gharama za kesi si nalipa robo tu?

Jibu: Pole sana injinia. Kabla hujalipia hiyo rufaa tupige hesabu kwanza. Tufanye hasara yote ni 100, ukitoa 20 ya mwenye nyumba inabaki 80, yako 20 na ya mkandarasi 60. Sasa kwenye nchi nyingi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza, waliosababisha hasara moja wanadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake, yaani mwenye nyumba anaweza kukudai wewe tu akachukua 80 yote, halafu ile 60 ukahangaike nayo mwenyewe kwa mkandarasi. Uingereza haki hiyo ya kumdai mwenzako iko kwenye sheria ya 1978. Haki unayo, ila kwa mtu aliyefilisika unapanga foleni na wadai wengine.

Kwa hiyo hata robo yako ikishuka hadi sehemu ya kumi, mwenye nyumba bado anakudai 80 ile ile! Hiyo rufaa unashinda kwenye karatasi tu. Na majaji wa rufaa hawapendi kugusa asilimia, tangu kesi ya meli zilizogongana ya British Fame, 1943, msimamo ni kwamba mgawanyo hauguswi mpaka ionekane jaji alikosea sheria au ushahidi, au umepitiliza kabisa.

Australia ni tofauti, madai mengi ya hasara za majengo kule kila mtu analipa fungu lake tu, hapo asilimia ni hela kweli. Angalia kesi yako iko chini ya sheria ipi.

Mimi ningepigana kwingine. Ukipandisha lawama ya mwenye nyumba kutoka 20 hadi 40, deni linashuka hadi 60, hiyo unaiona mfukoni. Au upinge kiasi chenyewe, mfano jaji katoa hela za kubomoa na kujenga upya wakati kukarabati kungetosha. Ila mwenye nyumba naye anaweza kuleta rufaa yake kufuta ile 20, ukajikuta unadaiwa 100.

Gharama za kesi usizichanganye na lawama. Kawaida aliyeshinda ndo analipwa, mahakama ina hiari yake, na mwenye nyumba kulaumiwa 20% hakumkati gharama zake moja kwa moja. Za rufaa nazo zinaamuliwa peke yake. Kinachosaidia ni barua unayomwandikia mwenye nyumba ya kutaka kumaliza kesi, iliyoandikwa kwamba haitaonyeshwa kwa jaji mpaka wakati wa gharama, zile wanaziita za Calderbank (jina limetoka kwenye kesi ya wanandoa walioachana, 1975, wala si ya ujenzi). Akikataa ofa nzuri halafu akapata pungufu, gharama za kuanzia hapo zinaweza kumgeukia yeye.

Halafu kukata rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji wa hukumu, zuio linaombwa kivyake. Na waambie watu wa bima yako leo, kabla hujasaini chochote. Mimi nitumie hukumu yenyewe, hasa kurasa ambazo jaji kaeleza kiasi cha fidia, kama katoa hela za kubomoa au za kukarabati.