Hawakiokoti njiani

Umeuliza kama wale vijana wamisionari wa Kimormoni (kanisa la Kikristo lenye asili ya Marekani) wenye beji nyeusi vifuani hukiokota Kiswahili huku mitaani. La hasha, wengi huanzia kwao. Kituo chao kikuu cha mafunzo kiko Provo, Utah, Marekani. Kuamka saa 12:30 asubuhi, taa kuzimwa saa 4:30 usiku, na katikati hapo ni darasa, maandiko, mazoezi kidogo, darasa tena. Hakuna kutembea peke yako. Mwenzako uliyepangiwa yuko nawe hadi kwenye foleni ya chakula. Kufua nguo na kupiga simu nyumbani kuna siku yake moja kwa wiki.

Nilipokuwa nasoma kule niliwahi kujitolea kukaa kama mgeni anayefundishwa dini, ili wajizoeze. Ndiyo kwanza wiki yao ya pili. Kijana jasho linamtiririka, karatasi mkononi, akanitazama usoni: “Mungu anakupanda.” Mimi nikauma midomo. Mwenzake, maskini, alikuwa anatikisa kichwa kukubali kabisa! Irabu huwatesa. Ngeli ndiyo usiseme. Na yote hayo wanapewa wiki chache tu, kisha ndege.