Siku ya 14 si ya kila mwanamke

Hedhi yangu huanza na matone siku mbili, ndipo damu itoke vizuri. Mzunguko niuhesabu kuanzia lini? (Msomaji, Morogoro)

Siku damu inapohitaji pedi. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Matone yaandike pembeni.

Mzunguko wangu ni siku 35. Siku ya hatari ya kushika mimba ni ya 14, sivyo? (Msomaji, Mombasa)

Sivyo, na nimechoka kulijibu swali hili. Zile 14 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata, nazo ni makadirio. Yai lako hupevuka karibu na siku ya 21. La mwenye siku 24, karibu na siku ya 10. Tena hatari haianzi siku ya yai. Yai huishi hadi saa 24 tu, lakini mbegu za mwanamume zaweza kukaa hai mwilini mwako hadi siku 5. Mwenye mzunguko mfupi akikutana na mwenzake siku ya 6, damu imekatika jana tu, anaweza kushika mimba.

Halafu hizo 35 umezijuaje? Kama ni kwa mwezi mmoja, hujajua kitu. Andika mizunguko sita kwanza, huku ukiangalia ute wa ukeni: ukivutika kama wa yai la kuku, siku zenyewe ndizo hizo. Na mwanamume anayekuambia "wewe hesabu tu" ili asivae kondomu, mkatalie. Kalenda haizuii Ukimwi.

Niweke programu gani ya kuhesabu siku kwenye simu?

Daftari linatosha. Programu hukisia kutokana na ulichoandika, yai hailioni. Ukiitaka, soma kwanza habari zako zinapelekwa wapi. Mwaka 2021 kampuni ya Flo, yenye programu ya namna hiyo, ilifikia makubaliano na serikali ya Marekani baada ya kutuhumiwa kuzipa kampuni nyingine, Facebook mojawapo, habari za afya za watumiaji wake.

Nachoma sindano ya miezi mitatu, siku zangu zimepotea. Nihesabuje?

Huhesabu. Sindano huzuia yai kupevuka. Kama tarehe ya kuchoma imekupita, pima mimba.

Binti yangu ana miaka 13. Mara siku 24, mara 43. Anaumwa?

Hapana, miaka ya mwanzo huwa hivyo. Mama, mnunulie daftari leo na ukae naye umwonyeshe, usimwachie shoga zake wamfundishe ile 14. Akipitisha siku 90 bila kuona, damu ikizidi siku 7, au akilowesha pedi kila saa, mpeleke hospitali, na daftari mwende nalo.