Mama anakuja kutoka Tanga, tunataka kumpeleka Alaska kwa meli

SWALI: Anti shikamoo. Tunaishi Kent, karibu na Seattle, mimi na mume wangu na watoto wanne, mkubwa ana miaka 15 mdogo ana 5. Mama yangu anakuja mwakani kutoka Tanga kwa visa ya matembezi, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mume wangu anaziona zile meli za kitalii zikitoka bandarini kwenda Alaska na kashaamua twende wote wiki nzima, mwezi wa 7. Mi naogopa. Mama aliwahi kupanda boti ya Pemba akalewa bahari mpaka akaapa hatopanda tena chombo, alafu swala tano hazimpiti na nyama kama hajui imechinjwaje haigusi. Hela tumeanza kuweka ila hatujalipa kitu. Tuanzie wapi? – Mama Wanne, Kent

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama akifika mpe shikamoo yangu. Nimefurahi kwamba hamjalipa, maana watu wengi wanaanza na meli, ina mabwawa mangapi, watoto watateleza wapi, wanalipa adivansi alafu ndo wanakumbuka karatasi za bibi. Nyie anzeni na mama, yeye ndo mwenye masharti mengi, ikimfaa yeye na nyie wengine mtafaa.

Kwanza pasipoti yake. Meli karibu zote kubwa zimesajiliwa nje ya Marekani, na kuna sheria ya zamani ya 1886 inayozikataza kuchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwazungusha bandari zingine za humo humo bila kugusa nchi nyingine, kwa hiyo zikitoka Seattle huwa zinapita Victoria, Kanada, hata kama ni kwa masaa machache ya jioni. Sasa mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji visa ya Kanada, na usidanganyike kwamba mama atabaki chumbani Victoria asishuke, wakikuta hana wanaweza kumzuia palepale Seattle asipande na hela hairudi. Aombe mapema kabisa, kuna alama za vidole na kusubiri. Na visa yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja na iwe bado hai siku mnayorudi, kama sivyo kaeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutoa hata dola moja. Nyie kama mna grini kadi, beba na pasipoti, Kanada wanataka vyote viwili. Watoto kama ni raia wachukulieni pasipoti tu, cheti cha kuzaliwa kinaweza kukubalika lakini mtoto akiumwa mkalazimika kurudi kwa ndege kutoka Kanada mtahangaika.

Visa ya Kanada ikigoma msikate tamaa, kuna feri za serikali ya Alaska zinazotoka Bellingham, si mbali na nyie, zinaenda moja kwa moja Ketchikan, mji wa Alaska, kama masaa 38 njiani, haziguswi na ile sheria. Hakuna bafe ya usiku wala michezo, kuna watu wanafunga mahema kabisa juu dekini, ila vyumba vipo na mandhari ni yale yale.

Kuhusu kulewa bahari, hapa sikiliza vizuri maana wauzaji wengi hawasemi. Meli za Seattle nyingi zinapita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari kuu, na siku ya kwanza inaweza kuyumba kweli. Zinazoanzia mji wa Vancouver zinapita ndani, katikati ya visiwa na bara, maji yametulia. Ni masaa kama matatu kwa gari kutoka kwenu ukiacha foleni ya mpakani, na kwa sababu visa ya Kanada mnaitafuta hata hivyo, mi ningeanzia huko. Chumba cha mama kiwe katikati ya meli na ghorofa za chini, na karibu na lifti kwa ajili ya magoti. Nyie ni saba, chukueni vyumba viwili vyenye mlango wa kuunganisha na mkubwa wenu alale na bibi.

Alafu angalieni ratiba inasema Glacier Bay, jina hilo hilo, ni ghuba ya hifadhi huko Alaska yenye barafu kubwa zinazoshuka mpaka baharini. Wanaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, kwa hiyo si kila safari inaingia. Sisi tuliingia na mama mkwe wangu mwezi wa 6, walinzi wa hifadhi wakapanda asubuhi wakawa wanaeleza kwenye spika, kwamba 1794 ghuba karibu yote ilikuwa imejaa barafu na Watlingit, wenyeji asilia waliokuwa wanaishi pale, walishafukuzwa na hiyo barafu ilipokuwa inasogea, leo meli inaingia kama kilomita 100 ndani. Tulivyofika mbele ya ule ukuta wa barafu meli ikapunguza mashine ikawa inajigeuza polepole ili pande zote mbili waone. Tukashuka deki ya chini, na vile vipande vinavyoelea vilikuwa vinalia tatatata kama maji yameingia kwenye mafuta ya kukaangia maandazi, ni hewa ya zamani sana inatoka ndani ya barafu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti na blanketi masaa mawili, hakutaka hata chai. Hiyo siku haina malipo ya ziada, na ndo siku ya safari nzima.

Kwa hiyo kwenye matembezi ya kulipia msijaze. Helikopta inapita dola 300 kwa mtu na wingu likishuka inafutwa. Mkishuka bandari ya Juneau nendeni barafu ya Mendenhall kwa basi, kuna njia ya lami mpaka pa kuangalia barafu, hata kiti cha magurudumu kinapita. Skagway treni ya mlimani iliyojengwa 1898 hadi 1900 wakati wa dhahabu, mama anakaa tu anaangalia dirishani. Ketchikan mvua hainaga likizo, bebeni makoti ya mvua, miamvuli upepo unageuza, watoto wasimame darajani waangalie samoni wanavyopanda mto, bure. Kama kuna hela ya kitu kimoja iwe boti ya nyangumi Juneau, ni nyangumi wa nundu, ndugu zao wa kusini ndo wanaopita Watamu mwezi wa 7 mpaka wa 9. Na kwenye bajeti wekeni bakshishi, kampuni nyingi zinakata dola 16 mpaka 20 kwa kila mtu kila siku, watoto ndani, kwa watu saba ni hela.

Chakula, iandikieni kampuni mkishabuku tu, muulize kama wanaweza kuleta halali na jibu liwe kwa maandishi. Wakisema hapana, samaki, mayai na wali havikosekani.

Swala sasa. Mwezi wa 7 mwanzoni Juneau jua linazama kama saa 4 usiku na linachomoza saa 10 alfajiri au karibu yake, giza kamili halipo, kwa hiyo isha na alfajiri mama amuulize imamu wenu kabla ya safari, na kwa kuwa ni msafiri atamweleza pia habari ya kukusanya na kupunguza. Meli inageuka geuka kwa hiyo awe na dira kwenye simu. Ila mwambie hivi, kibla cha Juneau ni karibu kaskazini kabisa, vile vile anavyoelekea akiwa kwake Tanga.