Kuweka Swichi kwenye Kidhibiti cha Reli ya Mfano: Ushauri kwa Wanagenzi

Kazi hii niliipata kwa mzee mmoja mstaafu wa reli hapa Nakuru, ambaye amejenga katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake mfano wa njia ya reli inayopanda kutoka Nakuru kuelekea Londiani na kuteremka hadi Kisumu. Mfano wake ni wa kipimo cha moja kwa themanini na saba, na kwa kuwa reli halisi ya njia hiyo ina upana wa mita moja, reli zake ndogo zimeachana kwa milimita 12. Aliniletea vidhibiti vitatu vya mkononi vya kuendeshea garimoshi zake, vinavyotumia mawimbi ya redio, na malalamiko yake yalikuwa mamoja: havina swichi ya kuzima, kwa hiyo kila jioni hulazimika kuchomoa betri, na kwa kuchomoa na kurudisha huko, vifuniko vimevunjika vishikizo na vile vibati vya kugusia betri vimelegea. Tangu siku hiyo nimetia swichi kwenye vidhibiti kadhaa, nami nawaandikia ninyi mnaoanza ufundi ili msirudie makosa niliyoyafanya.

Kabla ya kushika bisibisi, pimeni kwanza. Wekeni mita ya kupimia umeme kwenye kipimo cha miliampea, kisha muiunganishe katikati ya njia ya umeme, yaani umeme utoke kwenye betri, upite ndani ya mita, ndipo uingie kwenye kidhibiti. Asiwepo wa kuigusisha mita moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri ikiwa kwenye kipimo hicho, kwa maana fyuzi ya ndani itaungua papo hapo. Kidhibiti cha kwanza cha mzee kilikuwa kikila miliampea 22 kikiwa kimelala mezani bila kuguswa. Betri ya alkali ya volti 9 hubeba kama miliampea-saa 500, kwa hiyo hesabu yenyewe (500 kugawanya kwa 22, kama saa 23) ikatuambia kwamba betri iliyosahauliwa Jumamosi usiku isingefika Jumapili usiku ikiwa hai. Mteja akiiona hesabu hiyo kwenye karatasi huelewa anacholipia.

Swichi hukaa kwenye waya wa chanya, baina ya betri na bodi. Msikate njia za shaba zilizochorwa kwenye bodi, maana kosa la hapo halirekebishiki kwa urahisi. Tena msiamini rangi ya waya. Kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa na nyaya mbili nyeusi, na ni mita peke yake iliyotuonyesha chanya ni upi. Kwa upande wa swichi, ile ndogo ya kuteleza yenye miguu mitatu inatosha kabisa kwa umeme mdogo kama huu: tumieni mguu wa kati na mmoja wa pembeni, wa tatu muuache wazi. Kama kidhibiti kina betri na pia hupokea umeme kwa kebo, katisheni waya wa betri tu, ili mwenyewe aweze kuendelea kukitumia kwa kebo betri ikiisha.

Sasa nifike mahali ambapo nataka mtulie na kusoma polepole, nako ni kuchagua upande wa kuiweka swichi. Mara ya kwanza niliiweka ubavuni, karibu na kitufe cha kuzungusha cha kuongeza mwendo, kwa sababu ndani yake palikuwa na nafasi ya kutosha. Mzee akawa anaendesha garimoshi la mizigo, kidole gumba chake kikaisukuma swichi bila yeye kujua, na kidhibiti kikazimika. Garimoshi halikusimama. Katika mfumo wa kidijitali uitwao DCC, kidhibiti hakipeleki umeme kwenye reli, bali hupeleka amri kwa kituo cha amri, na kituo ndicho kinachorudia amri ya mwisho kwa injini tena na tena. Ukikizima kidhibiti injini ikiwa mwendoni, kituo huendelea kuishika kasi ile ile kana kwamba hakuna kilichotokea. Injini ile ilifika penye daraja ambalo mzee alikuwa amelitoa ili alipake rangi, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, na gharama ya kuitengeneza niliibeba mimi, kwa haki. Ipo mifumo inayosimamisha injini mawasiliano yakikatika, lakini fundi asijenge kazi yake juu ya tumaini hilo. Tangu hapo swichi zangu zote hukaa chini ya kitako cha kidhibiti, au huzama kidogo ndani ya ukuta wa plastiki, ili isukumwe kwa ukucha tu na mtu aliyekusudia.

Tundu la swichi litobolewe kwa kekee ndogo iendayo polepole, kisha lipanuliwe kwa tupa bapa hadi swichi iingie kwa kukazana. Kekee ya kasi huyeyusha plastiki, na kingo hubaki zimevimba. Wakati wa kulehemu, pakeni lehemu kwenye waya na kwenye mguu wa swichi kila kimoja peke yake, ndipo mviunganishe kwa mguso usiozidi sekunde tatu, kwani joto likikaa huilainisha plastiki inayoshika miguu na swichi hukwama. Kumbukeni kuvisha kile kimpira cha kusinyaa kwa joto kwenye waya kabla ya kulehemu. Nimewaona wanagenzi wakibandua kiungo kizuri kwa sababu walikisahau.

Vidhibiti vya betri ya lithiamu vinavyochajiwa vina utaratibu wake. Swichi iwekwe baada ya bodi ndogo ya kuchaji, upande unaopeleka umeme kwenye kidhibiti. Ikiwekwa baina ya betri na bodi hiyo, betri haitachajika kidhibiti kikiwa kimezimwa, na mwenyewe atadhani chaja ndiyo mbovu.

Kabla ya kufunga skrubu, rudisheni mita mahali pale pale mlipoanzia. Swichi ikiwa imezimwa, isome sifuri kamili. Ikiwashwa, isome kiasi kile cha mwanzo, nayo isibadilike mkiitikisa swichi kwa kidole. Ndipo mkirudishe kidhibiti kwa mwenyewe pamoja na kijikaratasi kilichobandikwa mgongoni: simamisha garimoshi kwanza, kisha zima.